Habari za Maisha Yetu: Jinsi ya Kuziandika Hata Mwisho

Wazee walinena, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili hutajwa sana madukani, lakini twaona lafaa zaidi nyumbani. Maana mali kubwa ya nyumba ni habari za watu wake: walitoka wapi, waliona nini, walivumilia nini. Na mali hiyo mara nyingi haina daftari. Babu hufa, na wajukuu hubaki na jina lake tu.

Wako walioanza kuandika. Twawajua waalimu wenye madaftari matatu ama manne sandukuni: safari hii, njaa ile, siku ya harusi, kifo cha mtoto. Lakini rundo la mawe si nyumba. Basi na tumtazame mtu mmoja wa pwani yetu, tuone jinsi kumbukumbu zake zilivyopata kuwa kitabu.

Mtu huyo ni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka 1867 alibatizwa huko Aden, akaolewa na mfanya biashara Mdachi, Heinrich Ruete. Wakakaa Hamburg, naye akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali, akamwacha mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Kwanza, Bibi huyu alijua anamwandikia nani. Mnamo mwaka 1877 nguvu zake zilikuwa zimepungua, wala hakutumaini kuishi hata watoto wake wakue awasimulie kwa kinywa. Wao walijua tu ya kuwa mama yao ni Mwarabu wa Unguja. Ndipo alipoanza kuwaandikia. Na kwa kuwa watoto hao hawakuijua Unguja, ilimpasa kueleza yote: nyumba ya Mtoni, vyakula, mavazi, sikukuu, na masomo ya watoto. Amjuaye msomaji wake hujua la kueleza na la kuacha. Nasi, kabla ya kuanza, tuandike juu ya ukurasa wa kwanza jina la mtoto mmoja wa nyumbani mwetu, tumwandikie huyo.

Pili, alitaja vitu vyenyewe. Hakusema tu ya kwamba alipenda elimu. Alieleza jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Msomaji hausahau mfupa ule. Hali kadhalika, tukiandika, "Tulikuwa maskini," msomaji hupita. Bali tukiandika ya kuwa ndugu wawili walikuwa na kanzu moja, wakaenda shuleni kwa zamu, hapo husimama.

Tatu ni neno gumu, nalo ndilo liwazuialo wengi: mambo ya aibu na ya huzuni. Mama yake Bibi Salme, jina lake Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto, hata akawa suria katika nyumba ya Sultani. Binti yake aliyaandika hayo wazi. Tena aliandika jinsi alivyokuwa mwandishi wa barua za wale waliotaka kumwondoa nduguye, Sultani Majid, mwaka 1859, ili Barghash atawale. Akasema pia ya kuwa alijuta. Lakini habari za mapenzi yake na Bwana Ruete alizipitia kwa maneno machache. Kusema kweli si lazima kusema yote. Tuwezayo kuyanyamazia tuyanyamazie, lakini tuliyoyaandika yasiwe na uongo.

Katika nyumba nyingi za pwani na za bara wako watu ambao mababu zao walikuwa watumwa, na mtoto aulizaye hunyamazishwa. Twasema, aibu si ya aliyetekwa, ni ya aliyeteka. James Mbotela, mtoto wa watu waliokombolewa, hakuficha. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, chasimulia mateso ya watu wake hata walipokaa Freretown, karibu na Mombasa. Basi mzee asiyejua kuandika asikate tamaa, mwanawe amwandikie. Ila tukitaka kuandika habari ya siri ya mtu aliye hai, tumwulize yeye kwanza.

Nne ni mpango. Kila kumbukumbu tuiandike katika karatasi yake, kisha tuzitandaze zote mkekani, tuzipange kwa miaka. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake huenda akakumbuka ya kuwa alikuwa akichunga mbuzi Tanganyika ilipopata uhuru, mwaka 1961. Hapo tumepata pa kushika. Halafu tumsomee ndugu yetu kwa sauti. Akisema, "Sivyo, baba hakuwapo siku ile," tusigombane, tuandike kama tukumbukavyo sisi, na kama akumbukavyo yeye. Na karatasi isiyomfaa yule mtoto tuliyemtaja, hata ikiwa nzuri, tuiweke kando.

Mwisho, kitabu hutaka mwisho. Mwaka 1885 Bibi Salme alirudi kuiona Unguja baada ya miaka kumi na tisa, na kwa safari hiyo alimalizia habari zake. Mwaka 1886 kitabu kikatoka huko Berlin, kwa Kijerumani, miaka kama tisa tangu alipoanza. Aliishi tena hata mwaka 1924. Hakungoja maisha yaishe ndipo amalize. Nasi tuchague siku moja ambayo habari zetu zitakoma: siku ya kurudi nyumbani, au siku mtoto wa mwisho alipoondoka. Yaliyo baadaye ni ya kitabu kingine.

Basi, ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kila juma ni kurasa hamsini na mbili kwa mwaka. Mwenye mzee nyumbani aanze juma hili, aende amwulize neno moja tu: Mama yako aliitwa nani, naye alitoka wapi?