Mshubiri: faida yake haiko kwenye madini

Wengi wetu tulionja shubiri kabla ya kujua kusema. Mama aliipaka kwenye chuchu, nasi tukasahau ziwa. Leo mmea wa ukoo huohuo unauzwa kwenye chupa za kijani kwa jina la aloe vera, na lebo zinajisifu kwa orodha ndefu ya madini.

Kata jani nene utazame. Chini ya ganda unachuruzika utomvu wa manjano. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, na ndani yake mna aloini, kemikali inayoendesha tumbo. Mwaka 2002 Marekani iliziondoa sokoni dawa za kulainisha choo zenye aloini zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari. Lisimamishe jani kwenye bakuli robo saa, utomvu uchuruzike, kisha limenye. Nyama ya ndani ni angavu, inateleza kama bamia. Hiyo ndiyo jeli.

Jeli hiyo ni maji kwa takriban asilimia 99. Katika kijiko cha gramu 15, vitu vyote visivyo maji havifiki miligramu 250, ilhali ndizi mbivu moja ina miligramu 400 hivi za potasiamu peke yake. Kalisi, magnesi na zinki zimo kweli, ila ni chembe tu. Mwenye shida ya madini aende gengeni akanunue mchicha.

Thamani ya jeli iko kwenye sukari zake za mnyororo mrefu, hasa asemanani, ambayo hushika maji na kuifanya jeli iwe na ule utelezi. Jani likikawia baada ya kukatwa, asemanani huvunjika. Viwanda huikausha jeli iwe unga, na kilo 1 ya unga hutoka kwenye kilo 200 hivi za jeli.

Kwa gharama hiyo, ujanja haukosi. Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za maduka makubwa ya Marekani. Hakuna iliyoonyesha asemanani. Katika tatu palikuwa na maltodekstrini badala yake, wanga wa bei nafuu.

Kwa hiyo soma lebo: kilicho kingi hutajwa kwanza. Usidanganywe na ukijani, maana jeli halisi haina rangi. Na ya kunywa ikiwa chungu, iteme. Ulimi wako ulikwishafundishwa zamani.