Ulinganifu wa Saa za Vifaa vya Sauti vya Dijitali katika Studio ya Kurekodia

Sauti ya dijitali ni mfululizo wa namba. Kigeuzi hupima umeme utokao kwenye mikrofoni mara nyingi kwa sekunde, mara 44,100 kwa diski za sauti na mara 48,000 kwa kazi nyingi za video, na kila kipimo huitwa sampuli. Mwendo wa upimaji huo huongozwa na saa ya ndani ya kifaa, ambayo nayo hutegemea mtetemo wa fuwele ya kwatzi. Kila kifaa kina fuwele yake, na hakuna fuwele mbili zitetemazo sawasawa kabisa.

Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi inapopigiwa hesabu. Vifaa viwili vilivyowekwa katika sampuli 48,000, vikipishana kwa sehemu 20 tu katika kila milioni, hutofautiana kwa sampuli 0.96 kila sekunde. Baada ya saa moja, pengo limefikia sampuli 3,456, yaani milisekunde 72. Iwapo kila kifaa kilirekodi peke yake na mafaili yakaunganishwa baadaye, pigo moja la ngoma mwishoni mwa onesho litasikika mara mbili. Iwapo kifaa kimoja kinapeleka namba zake moja kwa moja kwa kingine, kinachopokea hujikuta na sampuli ya ziada au pungufu karibu kila sekunde, hivyo hulazimika kuitupa moja au kuirudia iliyotangulia. Hapo ndipo vidoko, yaani milio mifupi mikavu, huingia katika rekodi.

Ukubwa wa kidoko hutegemea tofauti iliyopo kati ya sampuli jirani. Katika ukimya tofauti hiyo ni sifuri, kwa hiyo kosa halisikiki. Katika mapigo mazito ya ngoma hufunikwa. Katika sauti ndefu ya fidla hudhihirika wazi. Fundi anayekagua mitambo kabla ya wanamuziki kuanza kupiga anaweza, kwa hiyo, kuridhika na mfumo wenye hitilafu.

Suala hili lisichanganywe na msimbo wa muda wa SMPTE. Msimbo huo hueleza mahali kazi ilipofikia, kwa saa, dakika, sekunde na fremu, ilhali saa ya sampuli huamua kasi ya kwenda. Vifaa viwili vinaweza kuanza pamoja kwa msimbo mmoja na bado vikaachana njiani.

Kisa cha kawaida hutokea katika studio ndogo. Kundi la taarab lenye fidla, kanuni, gambusi na waitikiaji huhitaji mikrofoni zaidi ya nane, basi kifaa chenye njia nane huongezewa kingine kwa waya wa mwanga wa ADAT. Vyote viwili vikiachwa vitumie saa zao za ndani, vipimo vya sauti hucheza, sauti husikika, na hakuna kinachotia shaka. Suluhisho ni kuteua saa kuu moja. Kwa kuwa waya wa ADAT hubeba pia mwendo wa saa, kifaa cha kwanza kinaweza kuamriwa kuufuata, huku cha pili kikibaki na saa yake ya ndani. Kinyume chake pia kinawezekana, ila sharti mwendo wa saa urudishwe kwa waya mwingine.

Vifaa vikizidi vitatu au vinne, ni afadhali kila kimoja kipokee ishara ya saa kutoka chanzo kimoja kwa waya wake wa omu 75. Ishara ikipitishwa kwa mnyororo, kifaa cha mwisho pekee ndicho kiwekewe kizuizi cha omu 75. Kikikosekana, ishara hurudi nyuma na kuvuruga kingo za mapigo. Kiwango cha AES11 huruhusu mkengeuko wa sehemu 10 kwa milioni kwa saa rejea ya studio, na sehemu 1 kwa daraja la juu.

Kuhusu dai kwamba saa ya nje huboresha sauti ya kigeuzi chochote, tahadhari inahitajika. Ni kweli kwamba kuyumba kwa mapigo kwa nanosekunde 1 hushusha uwiano wa sauti na kelele hadi desibeli 84 kwa toni kamili ya hezi 10,000. Lakini fuwele iliyo kando ya kigeuzi kwa kawaida huyumba kidogo kuliko ishara iliyosafiri kwenye waya. Saa ya nje hununuliwa kwa ajili ya ulinganifu. Uzuri wa sauti ni hoja nyingine.

Uzito wa jambo hili huongezeka katika kuhamisha kanda kuukuu, kwani kanda iliyochakaa huenda ikakubali kuchezwa mara moja tu na sampuli iliyotupwa haipatikani tena. Kipimo cha kuaminika ni kupitisha toni thabiti ya hezi 1,000 katika njia nzima kwa muda ulio sawa na kazi inayokusudiwa, kisha kuitazama rekodi kwa spektogramu. Toni safi huonekana kama mstari mmoja wa mlalo. Kila sampuli iliyopotea huukata kwa mstari wa wima unaopita masafa yote.