Kabati la Chuma la Karakana: Tulijue Kabla ya Kulikwangua

Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye kuyajua yaliyomo majumbani, juma hili twapenda kukizungumzia kitu ambacho aghalabu hukaa uani au chini ya ngazi, kimefunikwa gunia, wala hakuna akitazamaye. Nacho ni kabati la chuma la karakana, lile ambalo mzee wa nyumba alikuwa akihifadhia spana, misumari na vipuri.

Mombasa ni mji wa bandari na reli. Tangu ujenzi wa reli ulipoanza hapa mwaka 1896, vizazi vya mafundi wa pwani vimekula jasho lao katika karakana, magatini na magereji, na makabati ya namna hii yamewafuata hadi majumbani. Mzee akiisha kufariki, hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama huitwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akalipima kabati kwa kilo na kuondoka nalo. Ama kijana wa nyumba hushika brashi ya waya na kulikwangua pale pale uani ili alipake rangi mpya. Jambo la kwanza huweza kupoteza mali ya watu. La pili huweza kumdhuru mtoto. Ndipo tukasema: tulijue kwanza.

Namna ya kulitambua

Tuanze kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini, wala si kwa msasa. Mafuta yakiisha kutoka, tutazame upande wa ndani wa mlango, juu ya droo ya kwanza, na mgongoni. Hapo ndipo waundaji walipozoea kupigilia kibati chenye jina lao. Kwa kuwa nchi yetu ilitawaliwa na Uingereza, mengi yatokayo huko yana majina kama Sankey-Sheldon, Roneo, au G. A. Harvey wa London. Kibati hicho kisisuguliwe wala kisipakwe rangi, kwani ndicho cheti cha kuzaliwa cha kabati.

Baada ya jina la mwundaji, tutafute alama ya mwenye mali. Herufi K.U.R. & H. zaonyesha kwamba kabati lilikuwa la reli na bandari za Kenya na Uganda kabla ya mwaka 1948. Herufi E.A.R. & H. ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1948 na kudumu hadi 1969, reli na bandari zilipotenganishwa. Jumuiya nayo ilipovunjika mwaka 1977, zikaja alama za mashirika ya Kenya yenyewe. Tukiona mshale wenye mistari mitatu ikutanayo nchani, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na hasa ya jeshi. Tusistaajabu kuiona pwani, kwani mwaka 1942 manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao yake Kilindini.

Ikiwa hakuna maandishi, kabati lenyewe litasema. Tulipime kwa inchi. Kimo cha futi 6, upana wa futi 3 na kina cha inchi 18, yaani takriban sentimita 183 kwa 91 kwa 46, ni vipimo vya Kiingereza vya zamani. Tutazame skrubu zake: zenye mfuo mmoja ni za kale zaidi, na zenye msalaba zilianza kuenea kutoka viwanda vya magari vya Marekani katika miaka ya 1930. Kisha tujaribu nati. Waingereza walitumia vipimo vya Whitworth, vilivyowekwa mwaka 1841, navyo havipatani na spana za leo. Mara nyingi nati ya bolti ya robo inchi huikataa spana ya milimita 13, na ile ya 14 ikacheza. Kijana asiyejua hili huilazimisha nati mpaka pembe zake zikalika.

Kufuli nalo lisivunjwe. Kwenye uso wake, karibu na tundu la ufunguo, mara nyingi pana nambari ndogo iliyochongwa. Fundi wa kufuli aweza kuitumia nambari hiyo kupata au kuchonga ufunguo mwingine.

Ni mali ya nani?

Alama zile hazisemi umri tu. Zauliza pia swali. Kabati lenye alama ya shirika huenda lilinunuliwa mnadani kwa haki, au mzee alipewa alipostaafu. Kwa hivyo karatasi zitakazopatikana ndani ya droo zisitupwe, kwani risiti moja yaweza kuiondolea familia fedheha. Biashara ya vyuma chakavu nchini ina sheria yake tangu mwaka 2015, na muuzaji huweza kuulizwa chuma kimetoka wapi. Mwaka 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme.

Na ikiwa mzee ametangulia mbele ya haki, basi kabati pamoja na vyombo vyote vilivyomo ni tarika. Haifai mtoto mmoja, kwa kuwa yeye ndiye fundi, kulichukua kimyakimya; wala haifai ami kuliuza kabla ya madeni kulipwa na warithi kujulikana. Mjane ana fungu lake, ambalo ni thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na mabinti wana fungu lao. Watu husema, "Ah, ni chuma tu." Lakini kabati lililojaa spana na vyombo vya kupimia huenda likawa na thamani kubwa kuliko kilo zake. Na lithaminiwe kwanza na mtu mjuzi, kisha ligawanywe au linunuliwe na mmoja wao kwa ridhaa ya wote.

Hatari iliyomo katika rangi

Hapa twaomba tusikilizwe vyema. Rangi za zamani za chuma, hasa ile ya msingi yenye wekundu wa machungwa iliyopakwa kuzuia kutu, aghalabu zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Kiwango cha Kenya cha sasa hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 katika milioni, lakini rangi za kale zilikuwa na kiasi kikubwa mno kuliko hicho. Rangi hiyo ikitulia haina neno kubwa. Ikikwanguliwa kavu hugeuka vumbi, na ikichomwa kwa moto hutoa moshi wenye sumu.

Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huifyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kupigiwa mfano wa mbali. Watu wa Owino Uhuru, kule Jomvu, walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vumbi la kabati moja si sawa na moshi wa kiwanda, lakini sumu ni ile ile, na mtoto atambaaye uani hajui kuchagua alipolalia vumbi.

Kwa hivyo, rangi yoyote ya zamani na tuihesabu kuwa na risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Namna ya kulihuisha

Kanuni ya kwanza ni kwamba rangi iliyoshika imara isiondolewe. Ioshwe, ikaushwe, kisha ipakwe nta ya nyuki ikiwa twapenda sura yake ya kale, au ifunikwe kwa rangi mpya.

Penye kubabuka, fundi alowanishe kwa maji na atumie msasa wa maji, huku akilowesha tena na tena ili vumbi lisiruke. Kazi ifanywe mbali na jikoni, kisima na nguo zilizoanikwa, juu ya turubai la plastiki, na fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa tu. Watoto na wajawazito wasikaribie. Tope lile likusanywe katika mfuko, lisichomwe wala lisimwagwe mtaroni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, kwani mara nyingi sumu huingia ndani kwa kanzu na shati la baba.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, kama bawaba na vishikio, vilowekwe katika siki usiku mmoja. Asubuhi visuguliwe, vioshwe kwa maji yenye magadi kidogo, visuuzwe na kukaushwa upesi. Siki isichanganywe kamwe na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya kuua. Droo zilizokwama zitiwe mafuta laini na kuachwa siku nzima, wala zisipigwe nyundo.

Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi huirudisha kutu. Basi chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kikauke kabisa, kisha kipakwe rangi ya msingi siku ile ile. Wakati mwafaka ni kaskazi, kabla ya mvua za masika.

Kabati likiisha kupona, lifungwe ukutani kwa bolti, kwani droo zikivutwa zote kwa pamoja huinama mbele na kumwangukia mtoto. Likae na vyombo vya kazi au cherehani na vifaa vyake. Lisitiwe chakula, sahani wala vitu vya kuchezea.

Mama zetu, akija mnunuzi na mizani yake, mwambieni asubiri. Akija kijana na brashi yake ya waya, mzuieni kwa upole. Kwanza jina lisomwe na warithi wajulikane, kisha watoto waondolewe, ndipo kazi ianze.

Wabillahi tawfiq.