FUNDI WA MIAKA 52 AOMBE KAZI NAMNA GANI?

Mkandarasi amefika kijijini kujenga madarasa. Anataka mafundi waashi, na kila mmoja alete barua na maelezo ya kazi zake. Vijana wana vyeti. Fundi mmoja wa miaka 52 hana cheti. Anachukua karatasi na kuandika hivi:

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima, nina familia ya watu wanane na hali yangu ni ngumu. Naomba kazi yoyote ile. Mungu atakulipa."

Ndugu msomaji, hiyo ni barua ya kuomba msaada. Mkandarasi atamhurumia, lakini hatajua kama mtu huyu anaweza kusimamisha ukuta ukanyooka. Tena akisoma "kazi yoyote" atadhani hakuna kazi hata moja anayoijua.

Tumsaidie fundi wetu aandike upya.

Kwanza akumbuke. Jambo hili laweza kumchukua siku mbili au tatu, asiharakishe. Alianza kazi mwaka gani? Alijenga nini? Mkewe na mafundi wenzake watamkumbusha. Mmoja atasema, "Zahanati ile tuliianza zikinyesha mvua za El Niño." Basi huo ni mwaka 1997. Akishakumbuka, aandike akianza na kazi ya karibuni:

2015 hadi 2022: Fundi mwashi. Nilijenga nyumba 4 za walimu na vyoo vya shule. Niliongoza saidia fundi 5.

2003 hadi 2014: Mkulima. Wakati wa kiangazi nilijenga nyumba 11 za wanakijiji.

1997 hadi 2002: Saidia fundi, baadaye fundi, katika ujenzi wa zahanati. Nilijifunza kusoma ramani, kupanga matofali, kumwaga zege na kupiga lipu.

Tazama mstari wa pili. Watu wengi huona haya kuandika kwamba walikuwa wakilima. Lakini ukiacha pengo la miaka kumi na miwili, msomaji atalijaza mwenyewe. Huenda akadhani ulikuwa gerezani!

Tazama pia hesabu. "Nina uzoefu mkubwa" ni maneno ambayo kila mtu huyaandika. "Nyumba 4 za walimu" ni kitu ambacho mkandarasi anaweza kwenda kukitazama. Hapo mtu wa miaka 52 anampita kijana, maana kazi zake zimesimama na watu wanaishi ndani yake.

Je, apunguze umri? Hapana. Kitambulisho cha Taifa kinaonyesha tarehe ya kuzaliwa, na akigunduliwa amedanganya hapo, hata nyumba zake hazitaaminiwa. Ni kweli kwamba matangazo mengi ya nafasi za Serikali hutaka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari katika utumishi wa umma. Asome tangazo vizuri kabla ya kupoteza nauli. Lakini kwa waajiri kwa jumla, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya umri, hata kama ni mwombaji tu.

Na cheti? VETA huwapima mafundi waliojifunza ufundi kazini, na anayefaulu hupewa cheti. Aulize katika chuo cha VETA kilicho karibu. Kama aliwahi kuajiriwa, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi anapoacha kazi. Wengi hawakidai, kisha miaka ikipita hawana cha kuonyesha.

Mwishoni aandike majina ya watu wawili au watatu wanaoijua kazi yake, pamoja na namba zao za simu. Mwalimu mkuu aliyepokea nyumba zile anafaa kuliko shemeji. Awaombe ruhusa kwanza, wasije wakapigiwa simu wakasema hawamkumbuki.

Maelezo yote yaenee katika ukurasa mmoja au miwili. Barua iwe fupi: kazi anayoiomba, miaka aliyoifanya, na siku anayoweza kuanza. Ile familia ya watu wanane isitajwe. Kama mwandiko wake si mzuri, mwanawe amwandikie, lakini yeye mwenyewe asome kila mstari kabla ya kutia sahihi, kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Vyeti apeleke nakala tu, na vile vyenyewe vibaki nyumbani.