Kinundu cha Kitufe cha Tano

Miongoni mwa simu zinazoletwa kwenye meza yangu ya ufundi hapa Tanga, zile zilizopasuka kioo huja na watu wa kila rika na kila kazi. Walakini zile za vitufe, ambazo sisi twaziita vitochi na jirani zetu wa Kenya huziita kabambe au mulika mwizi, aghalabu huletwa na mtu ambaye simu ya kupangusa anayo mfukoni, tena nzima, naye husema kwa haya kidogo, kama aungamaye, kwamba hii ndogo ndiyo anayotaka itengenezwe leo leo.

Wapo wanaodhani kwamba kitochi ni alama ya ufukara, na kwamba siku mifuko itakapotuna kitatoweka. Ufukara upo, sikatai, na bei ina neno lake; lakini mtu mwenye simu mbili hakosi fedha ya simu, hivyo yatupasa tuitafute sababu nyingine, nayo kwa maoni yangu imo ndani ya chombo chenyewe.

Ukikifungua kitochi na kuuinua ule mpira wenye tarakimu, utakuta chini yake karatasi nyembamba ya gundi iliyopangwa kuba ndogo za chuma, kila moja yapata upana wa punje ya choroko. Kidole kinaposhuka, kuba hukaidi kwanza, kisha ghafla hubonyea, ikagusa shaba iliyo chini yake na umeme ukapita. Kidole kikiondoka, hurejea ilivyokuwa. Ule mshtuko mdogo, pamoja na mlio wake, ndio jibu la simu kwa mwenyewe: nimekusikia. Hata vumbi likiingia na kitufe kikagoma, dawa yake ni mswaki mkuukuu na spiriti kidogo.

Kioo cha kupangusa hakina jibu la namna hiyo. Ndani yake umo utando upitishao umeme, usioonekana kwa jicho, nacho humtambua mtu kwa kuwa mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, hata kidole kikikaribia chaji iliyotandazwa pale ikabadilika kidogo. Ni elimu adhimu, wala siidharau. Ila ndiyo maana tone la maji hukihadaa kioo kikadhani kimeguswa, na kidole kilichokauka kikaota sugu huweza kupita juu yake mara tatu kisitambulike. Mvuvi mmoja aliyekuja kwangu alikuwa akifungulia simu yake ya kupangusa kwa kifundo cha kidole, kwa sababu ncha za vidole vyake, kwa miaka mingi ya kuvuta kamba, zilikuwa hazina tena habari na kioo.

Na sasa tutazame kitufe cha tano. Ukikipapasa utakuta kinundu, au pengine vijistari viwili ubavuni, ambavyo wengi wameishi navyo miaka ishirini pasipo kuviuliza. Kidole gumba kikishakipata kinundu hicho, tarakimu zote nyingine zajulikana zilipo, gizani au mchana, kwa mwenye macho na kwa kipofu sawasawa. Mpangilio wenyewe, wa moja kuwa juu na sifuri kuwa chini, haukuzuka kwa bahati: ulipimwa kwa watu na wataalamu wa Bell Labs huko Marekani kabla simu za vitufe hazijaanza kuuzwa mwaka 1963, ilhali mashine za hesabu zimeshikilia mpangilio uliopinduliwa hadi leo. Muuza vitumbua wa mtaani kwetu, macho yake yakiwa kwenye karai, hubonyeza nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli, kwa gumba lenye mafuta, na haitazami simu mpaka menyu itakapofunguka.

Na menyu ile ina siri yake. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kwa Vodacom, haikudai intaneti. Nyota na reli hupita katika njia ileile ambayo mnara hutumia kuiarifu simu kwamba inaitwa, njia nyembamba isiyobeba zaidi ya herufi 182 kwa mara moja, lakini ipo popote palipo na mtandao, bando liwepo au lisiwepo. Almuradi benki ya watu wengi ilijengwa juu ya kitochi, na hadi leo mwenye simu ya thamani kubwa, bando likimwishia, hurudi kwenye nyota na reli kama mwenziwe.

Kuhusu chaji sitasema mengi, maana kila mtu anayajua. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani na kuwazoesha wengi simu yenye tochi, ilikuwa na betri ya miliampea-saa 850 tu, nayo ikakaa siku kadhaa. Simu nyingi za leo zina 5,000, na baadhi yake adhana ya Isha haziifikii. Kitochi husinzia, kikaamka kila baada ya sekunde moja au mbili kuusikiliza mnara kama kimeitwa, kikasinzia tena. Simu ya kupangusa huamshwa kila mara, kwa kuwa imejaa wapangaji wenye shughuli zao.

Hata hivyo si haki kukisifu kitochi pasipo kutaja kasoro zake. Jaribu kuandika neno “habari” kwa vitufe: mibonyezo kumi na miwili, tena a, b na a zote zimo katika kitufe cha pili, hata ikubidi usubiri mshale upepese kabla ya kuendelea, na barua ya mapenzi kwa njia hiyo ilihitaji subira ambayo vijana wa sasa hawana. Picha ya mjukuu aliyezaliwa Muscat hakiwezi kuionyesha. Wala hakimkingi mtu na matapeli, maana ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” ulizaliwa katika vitochi na bado unawaliza watu.

Kinachokitisha zaidi ni mnara. Vitochi vingi husikia mtandao wa kizazi cha pili peke yake, na kampuni za nchi nyingine zimekwisha kuuzima; AT&T ya Marekani iliuzima mwanzoni mwa mwaka 2017, na simu nyingi zilizokuwa nzima kabisa zikawa bubu. Mwaka huohuo Nokia 3310 ilirejeshwa madukani, ikasikia kizazi cha pili tu, na kabla mwaka haujaisha ikalazimika kutolewa nyingine ya kizazi cha tatu. Siku hizi naletewa vitochi vya kizazi cha nne. Nikivifungua naona ubao mpya na vipande nisivyovizoea, ambavyo inanibidi nijifunze upya uzeeni. Lakini kuba za chuma ni zilezile, na juu yake, katikati ya mpira, kinundu kipo.