Mnana Hawana Hatia ya Malaria

Yako maswali ambayo mtaalamu huyajibu kwa furaha hata yakirudiwa mara mia, na liko moja ambalo kila nifikapo Mgololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, na vijiji vinavyoizunguka hunikuta likiningoja kabla sijashusha sanduku la darubini: “Kamwene, Daktari. Eti ni kweli hawa mnana ndio wanaotuletea malaria?” Swali hilo haliji peke yake, bali hufuatwa na maelezo ambayo sasa nayajua kwa moyo: mkaratusi ulio nyuma ya nyumba umejaa viota, mtoto ameshikwa na homa, kuku watano wamekufa kwa juma moja, jirani ameshauri mti ukatwe au viota vitiwe moto, na mwingine, ajionaye mjuzi kuliko wote, ameshauri kuku waliobaki wanyweshwe dawa mseto iliyosalia mtoto alipotibiwa zahanati. Nimeona heri nijibu kwa maandishi.

Liko neno moja la kweli katika habari hii, nalo ndilo lililozaa uzushi wote uliobaki: ndege wana malaria yao. Ukilitwaa tone la damu katika mshipa wa bawa la mnana, ukalipaka juu ya kioo, ukalitia rangi ya Giemsa na kulichungulia, utaona chembe nyekundu zenye umbo la yai, kila moja ikiwa na kiini chake katikati, ilhali chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini. Ubavuni mwa kiini, katika chembe chache, utakuta kimelea kilichojilaza na kujipinda kana kwamba kinakikumbatia, na ndani yake punje za rangi ya kahawia, ambazo ni masalio ya wekundu wa damu kilioula. Hicho ni Haemoproteus. Plasmodium hufanana nacho, ila chenyewe hugawanyika na kuzaana humo humo ndani ya chembe za damu ipitayo mishipani. Cha tatu, Leucocytozoon, hakiachi punje hizo, lakini aghalabu huivimbisha chembe kilichoiingia hata ikachongoka ncha mbili. Plasmodium huenezwa na mbu. Haemoproteus huenezwa na inzi bapa wakaao ndani ya manyoya, pamoja na vidudu wadogo mno kuliko mbu waumao jioni penye matope. Na Leucocytozoon huenezwa na usubi, ambao hukulia katika maji yaendayo kasi, na maji ya namna hiyo katika Mufindi hayana uhaba.

Basi mwenye kusikia kwamba mnana ana Plasmodium hukurupuka na kusema, “Si nilisema!” Hapo ndipo subira yangu huanza kupungua.

Kwanza tuitazame hoja ya macho, maana ndiyo impendezayo kila mtu: mnana wanapojenga, homa nazo huja. Ni kweli huja pamoja, kwa sababu mvua huleta vyote viwili. Mnana hungoja mvua ili wapate majani mabichi ya kusukia na wadudu wa kuwalisha makinda, na mbu nao huingoja mvua hiyo hiyo ili wapate madimbwi ya kutagia. Mwenye kuamini kwamba mnana ndio waletao malaria hana budi kuamini vilevile kwamba mahindi mabichi ndiyo yaletayo matope barabarani, kwa kuwa navyo huonekana katika majira mamoja.

Pili, na hii ndiyo hoja ambayo sijapata kuona mtu wa Iringa akiijibu: laiti ndege ndio wangekuwa chimbuko la malaria yetu, mkoa huu ungekuwa mahututi. Ndege wamejaa kila bonde, kila shamba la chai na kila ukingo wa msitu, tena wengi wao wana vimelea damuni. Ilhali Iringa na jirani yake Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa katika Tanzania yote. Sababu yake ni baridi. Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kimelea kikuu cha malaria ya watu katika nchi hii, hakiwezi kukomaa ndani ya mbu ikiwa hali ya hewa imeshuka chini ya nyuzi 16 hivi, na hata juu kidogo ya hapo hukawia sana hata mbu akafa kabla ya kuwa na madhara. Plasmodium relictum cha ndege ni kivumilivu zaidi, kwani huendelea kukua hata hewa ikakaribia nyuzi 13. Ndiyo maana yawezekana kabisa, katika mahali pamoja penye ukungu, ndege wakawa na malaria yao na watu wasiwe na yao. Anayetaka kujua homa ya mwanawe imetoka wapi asitazame juu ya mti, bali aulize ni nani katika nyumba aliyeshuka bonde la Kilombero kulima mpunga au kumzuru shemeji, akarudi na vimelea katika damu yake mwenyewe.

Tatu ni maumbile ya vimelea vyenyewe. Kimelea cha damu hakiingii katika chembe yoyote kiipendayo. Ni lazima ute na protini zake zipatane na ngozi ya chembe hiyo, na mapatano hayo yamejengwa kwa mamilioni ya miaka baina ya kimelea na ukoo wa viumbe kinaokaa nao. Mbu nao wamegawana kazi: waenezao malaria ya watu ni Anopheles, na waenezao ya ndege aghalabu ni Culex, wale wa maji machafu. Ronald Ross, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902, alionyesha mwaka 1898 katika mji wa Calcutta jinsi mbu wa Culex wanavyochukua vimelea kutoka ndege mmoja hadi mwingine, na hivyo tukafahamu njia ya malaria yote kwa kupitia ndege. Hata dawa za kwanza za viwandani, katika miaka ya 1920, zilijaribiwa juu ya ndege wadogo wa kufugwa kabla ya kupewa watu. Tuna deni kwao, wala hatuna kesi nao.

Insafu yanilazimu niseme kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kuingia katika dhana inayokaribiana na hii. Mwaka 1991 walitokea watafiti waliodai, kwa kulinganisha chembechembe za urithi, kwamba Plasmodium falciparum kilihama zamani kutoka kwa ndege kikaja kwa binadamu. Ilikuwa hoja ya vielelezo vichache mno. Baadaye undugu wake na kimelea cha sokwe ulidhihirika, na mwaka 2010 kinyesi cha gorila kilichokusanywa katika misitu ya Afrika ya Kati kikaonyesha kwamba asili ya kimelea chetu ni gorila, si ndege. Dhana ya kale ikafa kitaalamu, ila naona habari ya kifo chake haijafika vijijini.

Sasa dawa mseto. Dawa hiyo humezwa asubuhi na jioni kwa siku 3 mpaka iishe, na kwa hiyo haisalii. Ikisalia, maana yake mtoto hakutibiwa sawasawa, na hilo lanishughulisha kuliko kuku wote wa Mgololo. Kuku nao, wanapokufa wengi kwa mkupuo, wakihara kijani, wakihema kwa tabu na kupinda shingo, hawana malaria bali wana mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao ni ugonjwa wa kirusi usiosikia dawa ya malaria wala shubiri wala pilipili wala majivu. Umnyweshe kuku wa mdondo dawa mseto, atakufa vilevile, ila atakuwa amekufa na dawa ya mtoto tumboni.

Nimeyasema haya kwa ukali, nami sitaki mtu afikiri kwamba vimelea vya ndege ni jambo dogo. Kwa ndege wenyewe ni jambo kubwa, ila madhara yake hayaonekani kwa jicho la upesi. Ndege akishaambukizwa hupita katika siku chache za ugonjwa mkali, na asipokufa hubaki na vimelea vichache damuni kwa miaka, akiimba na kujenga kana kwamba hana kitu. Huko Uspania, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2000, ndege wadogo wa porini walipopewa dawa ya kupunguza Haemoproteus walifaulu kulea makinda zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Huko Uswidi wako ndege wa matete ambao huja Afrika kila mwaka kukimbia baridi. Huambukizwa huku kwetu, hurudi kwao na vimelea, na mwaka 2015 ilidhihirika kwamba maradhi hayo ya kimyakimya huzifupisha ncha za nyuzi zao za urithi na kuwapunguzia maisha.

Ama pale kimelea kinapokutana na ndege wasiokizoea, huwa ni msiba. Mbu wa Culex alifika visiwa vya Hawaii kwa merikebu mwaka 1826, na malaria ya ndege ilipomfuata ikawafyeka ndege wa misitu ambao ukoo wao haukupata kuijua, hata baadhi wakatoweka duniani na wengine wakabaki juu ya milima tu, mahali ambapo baridi humzuia mbu. Mimi siafikiani na wale wanaoihamisha hadithi hiyo nzima nzima kuileta katika milima yetu ya Udzungwa, kwa kuwa ndege wetu wameishi na vimelea hivi tangu zama zisizohesabika. Hata hivyo wako viumbe wa eneo dogo mno, kama kwale wa Udzungwa, ambaye wataalamu walimgundua mwaka 1991 baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mboga kambini. Kwake yeye, msitu ukikatwa, madimbwi yakaongezeka na hewa ikapata joto, sitaki kuweka dhamana.

Mintarafu ya kufanya, nitasema kwa haraka, maana yote yanajulikana. Mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe kwa kipimo cha haraka kabla ya kumeza chochote, na aliyetoka bonde la Kilombero aseme hivyo bila kuulizwa. Chandarua kitumike hata miezi ya baridi. Madimbwi na makopo ya maji yaliyo uani yamwagwe. Viota viachwe, na mti usimame. Kuku aliyekufa achomwe au afukiwe kwa kina, asiuzwe gulioni wala asiliwe, na mgeni anunuliwaye atengwe majuma mawili. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na kustahimili joto kuliko zile za zamani, itiwe tone moja katika jicho moja la kila kuku, vifaranga nao wasiachwe, kisha irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na ya mwisho itangulie kiangazi kikali. Kazi hiyo ifanywe jioni kuku wakiisha kuingia bandani, nacho kichupa kisiachwe juani.