Kuona kiluwiluwi kabla ya kukichora: video za biolojia Kasongo na Kabambare



Katika shule zetu za sekondari, mwanafunzi anaweza kusoma biolojia miaka yote mpaka Mtihani wa Taifa bila kuangalia hata mara moja ndani ya hadubini, ile wengi wetu tunayoiita mikroskopu. Seli anaijua kama duara la chaki lenye nukta katikati. Mwalimu anachora, watoto wananakili, na siku ya mtihani wanarudisha walichonakili. Hatumlaumu mwalimu, maana naye alifundishwa vivyo hivyo. Lakini tangu Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 makanisa yanasimamia shule nyingi za serikali, basi upungufu huo ni wetu pia.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Covid-19, masomo yalipitishwa redioni. Ilisaidia. Ila redio inaweza kusimulia seli inavyogawanyika, haiwezi kuionyesha. Hapo ndipo video inapoingia. Khan Academy, kazi iliyoanzishwa na Mmarekani Salman Khan, ina masomo ya biolojia ya bure, na mengine yako kwa Kifaransa, lugha ya mtihani wetu. Kwa watoto wadogo, jirani zetu wa Tanzania wana Ubongo Kids tangu 2014, katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kasongo anakielewa bila taabu.

Faida ya video inaonekana pale kitu kinapotembea au kinapokuwa kidogo mno. Chukueni malale, ugonjwa ambao Maniema inaujua tangu zamani. Kitabu kinasema mbung'o huubeba. Video inaonyesha jambo la ajabu zaidi: mbung'o hatagi mayai kama inzi wengine. Anamlea mtoto mmoja tumboni mwake, anamzaa akiwa funza mnene, na funza huyo anajichimbia kwenye udongo wenye kivuli. Mwanafunzi aliyeona hayo anaelewa kwa nini mbung'o wachache wakinaswa kwa vitambaa vya buluu kando ya mto, kizazi chao kinapungua haraka. Mdudu anayezaa mmoja mmoja hawezi kujaza pengo upesi.

Hata hivyo, kuangalia si kujifunza. Tulilipata somo hilo kwa kukosea. Mara ya kwanza tuliwakusanya vijana wengi mbele ya simu moja, tukapitisha video tatu mfululizo juu ya malaria. Wote walifurahi. Tulipouliza tofauti ya mbu mmoja na mwingine, hakuna aliyejibu. Walikuwa wameangalia kama wanavyoangalia mpira.

Siku hizi tunafanya hivi. Tunachagua video moja, isizidi dakika kumi. Kabla ya kuifungua tunaandika swali ubaoni: kiluwiluwi cha mbu wa malaria kinapumua namna gani? Tunapitisha video, tunaisimamisha katikati, kila mmoja anachora alichoona. Kisha tunaifunga, tunachukua sahani nyeupe na kijiko kikubwa, tunakwenda kwenye dimbwi nyuma ya shule.

Jibu linaonekana kwa macho matupu. Kiluwiluwi cha mbu aina ya anofele, anayeeneza malaria, hakina mrija wa kupumulia, kwa hiyo kinalala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Kile cha mbu aina ya kuleksi, anayetusumbua usiku lakini haleti malaria, kina mrija mkiani, nacho kinaning'inia kichwa chini. Mtoto akishaviona viwili hivyo ndani ya sahani moja hasahau. Anajua pia kwamba majani marefu hayazai mbu. Maji ndiyo yanayozaa, na kwa joto letu, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu.

Kwa wale wa Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, somo hili lina uzito wa pekee. Shimo la dhahabu lililoachwa wazi linajaa maji ya mvua, na maji yaliyotulia penye jua ndiyo nyumba anayoipenda anofele. Somo la mnyororo wa chakula nalo liko hapo hapo. Popote dhahabu inaposafishwa kwa zebaki, mvuke wake unaingia mapafuni mwa anayeichoma na wa walio karibu naye. Sehemu nyingine inafika mtoni, vijidudu vya matope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo wanaimeza, samaki wakubwa wanawala wadogo, na sumu inazidi kwa kila hatua. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, ulimwengu ulikuja kujua sumu ya namna hiyo inavyoharibu ubongo wa wanaokula samaki, hata wa watoto walio tumboni. Ile ya Minamata ilitoka kiwandani, si kwenye dhahabu, lakini njia yake kutoka majini hadi sahanini ni ile ile.

Mwalimu awe macho pia, maana video nyingi zimetengenezwa mbali. Ile ya usanisinuru, yaani jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, mara nyingi inaonyesha miti ya Ulaya inayopukutisha majani yote wakati wa baridi. Mtoto wetu anabaki akijiuliza mwembe wake una kasoro gani. Na zipo video za uongo kabisa, zinazodai majani fulani yanaponya kila kitu. Kanuni yetu ni hii: mwalimu anaiangalia yote peke yake kwanza.

Mtandao tunaujua ulivyo, na bei ya megabaiti pia. Msiangalie moja kwa moja darasani. Video ya dakika kumi kwa ubora wa kati inakula karibu megabaiti 50, na kwa ubora wa juu mara tatu au zaidi. Mtu mmoja anayekwenda Kindu ashushe masomo yanayoruhusiwa kugawanywa, ayalete kwenye kadi ya simu. Ipo pia programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Ikishawekwa kwenye kompyuta, hata ya zamani, simu na kompyuta nyingine za darasani zinaunganishwa nayo na kusoma bila kutumia megabaiti hata moja. Umeme wa paneli ya jua unatosha.

Wazazi wengine wanatuuliza: je, simu haitampeleka mtoto penginepo? Inaweza. Ndiyo maana tunatumia simu ya darasa isiyo na kadi ya mtandao. Wengine wanauliza juu ya mageuzi ya viumbe, ambayo video nyingi za biolojia zinayataja. Yamo katika sayansi ambayo vijana wetu watakutana nayo, wapende wasipende, na ni heri wakutane nayo mwalimu na mchungaji wakiwa karibu kuliko usiku, peke yao.

Wanaotaka kuanza wasingoje kompyuta. Simu moja, sahani nyeupe na dimbwi vinatosha kwa somo la kwanza. Ila wafanye kabla ya mwezi wa sita, maana kiangazi kikishaingia madimbwi mengi yanakauka, na viluwiluwi itabidi kuvitafuta kwenye kingo za mito.